Mia Moja na Tisa

Nilisomea ualimu katika chuo kimoja mjini Migori, na sasa nafundisha hesabu Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria. Siku moja niliaibika mbele ya wanafunzi wangu kwa jambo nililodhani nalijua.

Nilikuwa nimeandika programu ndogo kwa lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Kazi yake ilikuwa kusoma alama za mtihani na kupanga majina kutoka alama ya juu hadi ya chini. Orodha ilipotoka niliibandika ukutani bila kuikagua. Aliyepata 9 alikuwa wa kwanza; aliyepata 100 alikuwa wa mwisho. Binti huyo alinijia, machozi yakimlengalenga, akauliza, “Mwalimu, je, mia moja ni ndogo kuliko tisa?”

Nilikosa jibu. Jioni niligundua kuwa kompyuta ilizisoma alama zile kama maandishi, si kama nambari. Maandishi hupangwa kama maneno ya kamusi: alama ya mwanzo hulinganishwa na alama ya mwanzo, na kwa kuwa 1 hutangulia 9, basi “100” ikawa chini ya “9”. Vivyo hivyo, ukijumlisha maandishi “5” na “7” hupati 12, bali “57”. Jina la samaki lililoandikwa karatasini halina uzito wa samaki, hata likiwekwa juu ya mizani.

Dawa ilikuwa amri fupi, int, igeuzayo maandishi kuwa nambari kamili. Lakini niliitumia kwa pupa. Programu ilisimama ilipofika penye neno “hayupo”, kwani neno hilo haligeuki nambari. Nilitaka kuweka sifuri mahali pake. Moyo ukanikataza, maana asiyefanya mtihani si sawa na aliyeshindwa. Tena, nambari za simu za wazazi zilipoteza sifuri ya mwanzo, zikawa hazifai kitu. Hizo zilistahili kubaki maandishi. Hakuna ajumlishaye nambari za simu.

Asubuhi nilimwomba binti yule radhi mbele ya darasa, nikabandika orodha mpya. Vijana wangu, mashine hutii, lakini haijui haki. Ni juu yenu kupambanua cha kuhesabiwa na cha kusomwa tu, na kuikagua kazi yenu kabla haijamhukumu mtu.