Leza ya Yadi Elfu Haipimi Godauni

Binamu yangu ni fundi wa vyuma pale Industrial Area ya Nairobi, karakana yake iko kando ya Lunga Lunga Road. Majuzi aliona kwenye simu tangazo la leza ya kupimia umbali, ile wanayotumia wawindaji wa huku Marekani, imeandikwa yadi 1,000. Akaniachia ujumbe wa sauti: "Kaka, hiyo ndiyo tunataka. Huku tunapima godauni kwa tepu, watu wawili, mmoja yuko juu ya ngazi. Nitumie hiyo moja tu, lakini kwanza uniambie kama inapima kweli."

Swali lake la mwisho ndilo limenifanya niandike. Hapa Colorado, msimu wa kuwinda unapokaribia, kabati za vioo madukani hujaa leza hizi, na kila boksi lina namba kubwa mbele: 1,000, 1,500, 2,000. Bei hupanda pamoja na namba. Wanunuzi wengi husimama hapo wakilinganisha namba hizo na pesa zao, na ni wachache wanaouliza kile alichouliza binamu.

Leza ya mwindaji inatuma mapigo mafupi ya mwanga usioonekana, mara nyingi wa nanomita 905, kisha inasubiri yarudi. Saa iliyo ndani inahesabu muda wa safari hiyo. Mwanga hukimbia takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ya kwenda na kurudi haifiki hata nanosekunde saba. Saa ikiyumba kidogo tu, umbali nao unayumba, ndiyo maana nyingi ya leza hizi huahidi usahihi wa nusu mita hadi mita moja. Kwa mwindaji hiyo inatosha.

Shida iko kwenye mwanga unaorudi. Zile yadi 1,000 za kwenye boksi ni za kitu kinachong'aa, mfano kibao cha barabarani. Mti hurudisha mwanga kidogo zaidi, na manyoya ya mnyama kidogo zaidi kuliko mti. Fungua boksi usome maandishi madogo ya ndani: leza ileile huwa inamshika mnyama kwa nusu hivi ya namba ya nje, na zipo zisizofika hata hapo. Jua la utosini linapunguza tena, ukungu na theluji vivyo hivyo. Anayetaka kusoma umbali wa mnyama aliye mita 500 kwa uhakika anunue leza inayotangaza zaidi ya mara mbili ya umbali huo.

Halafu kuna upana wa mwali, ambao wauzaji wengi hawautaji. Mwali wa leza haunyooki kama uzi mpaka mwisho, hutanuka kadiri unavyokwenda. Ukiwa wa miliradiani moja, kwa umbali wa mita 1,000 una upana wa mita moja. Ukiwa wa miliradiani tatu, ni mita tatu. Sasa fikiria yule mnyama wa nyikani anayeitwa pronghorn, mwembamba, amesimama nyuma ya nyasi kavu. Mwali mpana unagonga nyasi kwanza na chombo kinakusomea nyasi. Leza iliyotengenezwa vizuri inakuruhusu kuchagua: nisomee kitu cha karibu, au nisomee cha mbali kati ya vyote vilivyorudisha mwanga. Kwangu mimi uwezo huo una thamani kuliko yadi 500 za ziada kwenye boksi.

Kwa nini tuhangaike na mita chache? Risasi ya .308 iliyorekebishwa kupiga katikati kwenye mita 100, ikifika mita 500 imeshuka zaidi ya mita moja na nusu. Eneo la moyo na mapafu ya paa wa huku lina upana wa sentimita 20 hadi 25. Kosea umbali kwa mita 25 tu na risasi inaweza kutoka nje ya eneo hilo, ikavunja taya au ikapasua tumbo, na mnyama akakimbia na jeraha litakalomuua polepole siku mbili baadaye. Hili ndilo jambo ambalo mwindaji mwenye roho hulala akiliwaza. Milimani inabidi chombo kijue na mteremko. Ukilenga mnyama aliye mita 400 kwa pembe ya digrii 30, risasi yako inatakiwa kupangwa kama ya mita 346, kwa kuwa mvutano wa dunia huivuta kwa umbali wa mlalo, na leza isiyo na kipima pembe itakudanganya kwa mita 54. Upepo je? Leza ya kawaida haiujui. Huo unaupima kwa nyasi, kwa macho na kwa miaka ya mazoezi.

Nyumbani maswali haya yote hayana kazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, biashara ya nyara ikafungwa mwaka uliofuata, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuufungulia mlango uwindaji wa michezo. Jirani zetu Tanzania walifunga mwaka 1973, wakafungua tena 1978, na mpaka leo wanatoa leseni. Sisi tuliolelewa upande wa South B na Mukuru tumekua tukijua kwamba ukivuka Mombasa Road kuna ua, na nyuma ya ua huo, tangu 1946, kuna mbuga yenye simba ambao hakuna mtu anayeruhusiwa kuwanyooshea bunduki. Moshi wa viwanda na twiga viko katika picha moja. Najivunia hilo, na nalisema wazi kwa wenzangu wa huku wanaponiuliza kama kwetu tunawinda simba.

Haikuwa hivyo siku zote. Theodore Roosevelt, aliyekwisha kuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda reli mpaka tambarare za Kapiti na Athi, na kwa miezi mingi yeye na mwanawe Kermit wakaua zaidi ya wanyama wakubwa 500, wengi wakiwa ni wa kupelekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Hakukuwa na leza. Umbali ulikisiwa kwa jicho, kwenye nyanda wazi ambazo hewa ya joto inacheza na mnyama anaonekana karibu kuliko alivyo. Miaka 22 kabla ya safari hiyo, Roosevelt huyohuyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett. Leo hii klabu hiyo imetoa msimamo rasmi wa kukataa mtindo wa kupiga wanyama kutoka mbali mno, ikisema unamnyima mnyama nafasi ya kumtambua mwindaji. Nakubaliana nao kabisa. Leza yangu inasoma mbali, na mimi nimejiwekea mpaka wa mita 300. Zaidi ya hapo ninasogea au ninarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa turudi kwa binamu. Nilimwambia kwamba leza ya yadi 1,000 haiwezi hata kupima mlango wa karakana yake. Nyingi hazisomi chochote kilicho karibu kuliko mita tano hivi. Na ile tofauti ya nusu mita au mita moja, ambayo kwa mwindaji ni kitu kidogo, kwa fundi wa paa ni hasara ya siku nzima: mabati yamekatwa kiwandani, yamepakiwa kwenye lori, yamefika na hayafiki ukutani.

Anachohitaji yeye ni leza ya wajenzi, ambayo ni chombo kingine ndani ya umbo linalofanana. Leica walitoa ya kwanza ya kushika mkononi mwaka 1993, wakaiita Disto, na siku hizi kuna kampuni nyingi. Hii hurusha doti nyekundu inayoonekana na mara nyingi haihesabu muda wa pigo moja moja. Inalinganisha wimbi lililotoka na lililorudi, na kwa njia hiyo inapata usahihi wa milimita moja na nusu hadi mbili. Inafika mita 40, 50, nzuri zaidi 100 au zaidi kidogo. Godauni nyingi za Industrial Area zinaingia humo bila taabu.

Lakini hapa pia namba ya boksi ina mitego yake, na mafundi wa nyumbani wanaijua kuliko mimi. Saa sita mchana, ukuta wa nje ukiwa umewaka jua, doti nyekundu inapotea kabla ya mita 20. Unaiona leza inawaza, kisha inatoa alama ya kosa. Fundi mwenye uzoefu huja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au humtuma kijana asimame mwisho wa ukuta na kipande cha kartoni nyeupe. Kwenye madirisha ya alumini mwali unapenya kioo na kupima kilicho nyuma yake, kwa hiyo hubandikwa karatasi kwanza. Grinda ikiwa inafanya kazi karibu, vumbi la chuma linatosha kuivuruga. Na kuna kitufe kimoja kidogo kinachoamua kama kipimo kinaanzia mbele ya chombo au nyuma yake. Kikibonyezwa bila mtu kujua, kila kipimo cha siku hiyo kinakosea kwa urefu wa chombo chenyewe, sentimita 11 au 12 hivi.

Tofauti kubwa ninayoiona kati ya huku na kule iko kwenye kaunta. Huku mtu ananunua peke yake, anasoma maoni ya watu asiowajua, na chombo kisipompendeza anakirudisha ndani ya mwezi. Nairobi ukutani kumeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Basi mafundi huja wawili watatu, wanatandaza tepu sakafuni mwa duka, wanaipima mita tano kwa leza, wanageuza, wanapima tena, wanailenga ukuta mweusi, wanaitoa nje juani. Muuzaji hakasiriki, anajua ndivyo biashara ilivyo. Tabia hiyo nimeihamishia hapa. Kabla sijalipia leza ya kuwindia nilimwomba muuzaji tutoke hadi maegesho, nikailenga gome jeusi la msonobari ulio mbali, kisha kichaka, kisha lami. Ile ya bei kubwa ilishika gome kila mara. Ya bei ya kati ilishika mara moja moja. Alishangaa, akasema kwamba kwa kawaida hakuna anayemwomba hivyo.

Kwa hiyo wenzangu mnaotumiwa orodha ya vifaa kutoka nyumbani, muulizeni fundi mambo matatu kabla hamjanunua: kitu cha mbali kabisa anachopima, rangi ya ukuta wake, na saa anazofanya kazi. Binamu alijibu mita 45, mabati na simiti, mchana kutwa. Majibu hayo yananipeleka kwenye leza yenye kamera ndani, ili aione shabaha kwenye kioo cha chombo hata jua likimeza doti, na yenye kinga ya vumbi na maji. Bei yake inazidi ya ile ya yadi 1,000 aliyoipenda, na tumekubaliana kugawana. Ataipokea Desemba kwa mtu anayesafiri. Akipata kazi ya mkandarasi anayedai cheti cha vipimo, ofisi za Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) ziko Popo Road, South C, na huko wanahakiki vifaa kama hivi. Mengine atayafanya kwa tepu yake mwenyewe, sakafuni mwa karakana, siku ileile itakapofika.