Kioo cha watu, ndege ya watu

Najua nimepotea humu karibu miezi miwili, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimekula disko. Hapana, bado nipo nipo. Nilikuwa fild, kwenye hanga moja hapa Dar ambalo sitalitaja, na kule ukitoka jioni mikono yote grisi, hamu ya kuandika huna kabisa. Sasa nimerudi hosteli na kuna kitu lazima nikitoe moyoni.

Wale mnaosoma sheria na biashara niwaeleze kidogo. Kwenye hanga, boksi la vifaa lina sponji iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa. Spana ina shimo lake, bisibisi ina shimo lake. Ukimaliza kazi unatazama tu, shimo likiwa tupu ujue kuna kitu kipo mahali kisipotakiwa. Alhamisi moja jioni nafunga boksi langu, nikaona shimo moja tupu. La kile kioo kidogo chenye mpini, cha kuchungulia sehemu ambazo jicho halifiki. Na wa mwisho kukishika nilikuwa mimi, nimelala kifudifudi ndani ya kindege cha abiria kumi na kitu, nachungulia chini ya sakafu kule zinakopita nyaya za usukani wa mkiani.

Sakafu ilishafungwa. Kitabu cha ndege kilishasainiwa. Abiria walikuwa waondoke kesho yake saa kumi na mbili asubuhi.

Mshkaji wangu wa fild akaniambia, "Wewe, acha kujichongea. Kesho tunapita Kariakoo, kioo kama hicho bei yake chipsi mayai mbili. Tunakirudisha kwenye shimo lake, mchezo umekwisha."

Sitawadanganya jamani, nilikubali. Nikafika mpaka kituo cha daladala. Nilikuwa nawaza fomu ya tathmini, nawaza na mama yangu ambaye ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanaye anatengeneza ndege. Nikajipa moyo, labda kioo kimedondoka nje, labda kiko kwenye mfuko wa ovaroli ya mtu. Daladala ikaja imejaa hadi mlangoni. Nyuma yangu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Kaka, unapanda au hupandi?"

Nikageuka nikarudi.

Fundi mkuu, sisi tunamwita Mzee, alikuwa ofisini anamalizia chai.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Kioo. Nadhani kimo ndani ya ndege."

Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akachukua kitabu cha ndege, akaandika kwamba hairuki mpaka itafutwe. Ndipo nikaiona saini iliyokuwa juu ya maandishi yale. Ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyesaini kwamba kazi imekwisha, bila boksi langu kuhesabiwa.

Tulifungua sakafu upya. Saa tatu usiku tukakipata, kimelala pembeni ya kapi ambapo waya wa usukani unapita. Pengine kingekaa pale mwaka mzima bila kumsumbua mtu. Au kingeteleza ndege ikiwa inapaa, kikakwama kati ya waya na kapi, rubani anavuta usukani hauji.

Nilidhani yameisha. Mzee akatoa fomu za taarifa. Akasema, "Hii si ya hiari, mwanangu. Na jina la kwanza ni langu." Angeweza kuniambia nifunge mdomo tukalale. Tulikuwa wawili tu pale.

Baadaye nikaanza kusoma kwa nini wenzetu wa anga wanalazimishana hivi. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya shirika la TWA ilikuwa inakaribia uwanja wa Dulles, karibu na Washington kule Marekani. Marubani na mwongoza ndege hawakuelewana kuhusu urefu wa kushukia, ndege ikagonga mlima. Watu wote 92 wakafa. Kinachouma ni kwamba wiki kama sita nyuma, marubani wa shirika jingine walikuwa wameponea chupuchupu kwenye mlima ule ule, kwa kutoelewana kule kule. Waliripoti, lakini ndani ya shirika lao tu. Wenzao wa TWA hawakuambiwa. Mwaka 1976 Wamarekani wakaanzisha mfumo wa kupokea taarifa kama hizi, wakaukabidhi kwa NASA badala ya mamlaka inayotoa adhabu, na majina yanafutwa, ili watu wasiogope kusema.

Hiyo ni ya hiari. Ya lazima nayo ipo. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka kila nchi mwanachama iwe na utaratibu wa kuripoti matukio kwa lazima, na yetu ni mwanachama. Ulaya wana kanuni ya mwaka 2014 inayowapa rubani, fundi na mwongoza ndege saa 72 tangu wajue tukio. Na wanatenganisha aliyekosea kibinadamu na aliyefanya uzembe makusudi. Wa kwanza analindwa, wa pili hana utetezi.

Kwenye karatasi ni vizuri sana. Ila nisiwafiche, ndege ilichelewa, abiria walifoka, na Mzee alisimamishwa kusaini kwa wiki mbili wakati wanachunguza. Mzee wa watu, mwenye watoto wanaosoma, anakaa pembeni anapanga spea stoo. Iliniuma mno. Siku moja nikamfuata nikamwomba radhi.

Akanitazama, akasema, "Ungenyamaza ndiyo ungeniomba radhi."

Alirudishiwa kalamu yake. Siku hizi pale boksi linahesabiwa na watu wawili kabla sakafu haijafungwa, na agizo limebandikwa ukutani bila jina la mtu. Mshkaji wangu bado ananiita Kioo. Tathmini yangu haijatoka, na sijui itasomekaje.

Lakini usiku, ndege zikipita juu ya hosteli yetu, huwa nawaza ni mashimo mangapi matupu yameshafunikwa na kioo cha Kariakoo. Na si kwenye ndege tu. Wewe unayesoma udaktari, wewe wa ujenzi, mnanielewa.

Haya, umeme unakatika katika hapa. Tuonane bumu likitoka.