Mdakaji na Radhi Iliyochelewa



Juma hili naomba niwapeleke mbali, hadi Marekani, kwenye mchezo wa besiboli ambao wengi wetu hatuujui. Mrushaji hurusha mpira, mpigaji wa timu pinzani huusubiri na rungu lake, na nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji. Kazi ya mdakaji ni kupokea. Huvaa kinga usoni na kifuani, kwa maana mpira huja kwa kasi na mara nyingine humwumiza.

Mmoja wa wadakaji mashuhuri kabisa alikuwa Mkatoliki mwenzetu, Yogi Berra, aliyezaliwa mwaka 1925 mjini St. Louis, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Shule aliiacha baada ya darasa la nane. Tangu mwaka 1946 hadi 1963 aliichezea New York Yankees, akatwaa nayo ubingwa mkuu wa besiboli mara 10, na mara 3 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Tarehe 8 Oktoba 1956, katika fainali, yeye ndiye aliyemdakia Don Larsen siku alipowatoa wapigaji wote 27 pasipo hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Mchezo ulipokwisha, Berra alimrukia Larsen na kumkumbatia.

Lakini si hayo yaliyonigusa. Mwaka 1985 Berra alikuwa kocha wa timu hiyohiyo. Baada ya michezo 16 tu ya msimu, mmiliki wake, George Steinbrenner, alimwachisha kazi, wala hakumwambia ana kwa ana, bali alimtuma mtu. Berra akaapa kwamba hatarudi katika uwanja ule maadamu Steinbrenner ndiye mwenye timu. Ikapita miaka 14.

Januari 1999 Steinbrenner alimfuata New Jersey, akamwomba radhi. Mzee yule, aliyedaka mipira maelfu, akaipokea. Tarehe 18 Julai mwaka huo alirudi uwanjani kwa siku ya heshima yake, na Larsen akamrushia mpira wa ufunguzi. Siku hiyohiyo, mbele ya macho yao, David Cone wa Yankees naye akawatoa wapigaji wote 27! Steinbrenner alifariki mwaka 2010, Berra mwaka 2015. Walipoagana na dunia hii, deni lile lilikuwa limekwisha kufutwa.

Wapendwa, mara nyingi tunahubiri juu ya kuomba msamaha. Juu ya kuupokea tunasema machache. Nami leo nakiri mbele yenu. Zamani padre mwenzangu alinisema vibaya mbele ya wakubwa wetu, kwa jambo ambalo sikulitenda. Miaka mitatu baadaye alikuja nyumbani kwangu, akaomba radhi. Nilimkaribisha chai, nikamwambia kwamba yaliyopita si ndwele. Hayo niliyasema kwa mdomo. Moyoni nilikuwa bado nimevaa kinga, na mpira alionirushia ukaanguka chini katikati yetu. Aliondoka akijua. Tangu hapo tukikutana tunasalimiana kama watu wa ofisini, nami kila Jumamosi naketi katika kiti cha maungamo nikiwaondolea wengine dhambi zao.

Petro alipouliza asamehe mara ngapi, Bwana alimpa hesabu isiyohesabika (Mt 18:21-22). Mimi nimeshindwa mara moja tu.

Je, kuna aliyewahi kubisha hodi kwako, ukamfungulia mlango na kumfungia moyo? Pengine ni ndugu mliyegombania kiwanja, au mwenzi wako wa ndoa. Usisubiri miaka 14. Si wote tunaopewa muda huo.

Alhamisi ijayo nitapanda basi kwenda parokiani kwake. Sijui atanipokeaje, kwani safari hii mwenye kuomba ni mimi. Naomba mnisindikize kwa sala, angalau fungu moja la Rozari.

Nawatakieni Dominika njema.

Padre wenu