Hadhira na Hatima ya Pambano: Misawa na Kawada, 1994

Mieleka ya kulipwa si uwanja ambao mhakiki wa fasihi huuendea kwa hiari. Hata hivyo, Roland Barthes alikifungua kitabu chake Mythologies (1957) kwa insha kuhusu mieleka, akishikilia kwamba mtazamaji hajali iwapo matokeo yamepangwa. Anachokifuata ni mateso, kushindwa na haki vinavyodhihirishwa waziwazi mbele ya macho yake. Hoja hiyo yafaa kupimwa kwa pambano ambalo mashabiki wamelihakiki kwa miongo mitatu sasa: lile la Mitsuharu Misawa na Toshiaki Kawada, lililofanyika katika ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo, tarehe 3 Juni 1994.

Wawili hao walisoma shule moja ya sekondari, Misawa akimtangulia Kawada kwa mwaka mmoja, kisha wakaajiriwa na kampuni moja ya mieleka, All Japan, iliyomilikiwa na Giant Baba. Walishirikiana ulingoni hadi mwaka wa 1993, Kawada alipojitenga. Fahali wawili hawakai zizi moja. Misawa alikuwa ameshikilia taji kuu la kampuni tangu Agosti 1992. Kawada naye alikuja Budokan akiwa ametoka kushinda mashindano ya ligi ya mwaka huo. Kwa muda wa karibu dakika 36, viwiko vya Misawa vilikabiliana na mateke ya Kawada. Hatimaye Misawa aliifunga mikono ya mpinzani wake kwa nyuma, akamwinua kichwa kikielekea chini, akambwaga kwa shingo badala ya mgongo. Mbinu hiyo, iitwayo Tiger Driver '91, alikuwa ameitumia dhidi ya Akira Taue mwaka wa 1991, na aliitumia kwa nadra sana. Kawada hakuinuka.

Mwandishi wa Kimarekani Dave Meltzer alilitunuku pambano hilo nyota tano, na kanda za video zilizonakiliwa na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono zikalieneza ng'ambo. Wengi waliolipokea kwa njia hiyo hulitaja kuwa kilele cha sanaa hii. Sababu yao ni ya kifasihi: kila pigo lina historia, na Kawada ni mhusika anayejua kwamba huenda asimfikie kamwe yule aliyemtangulia, lakini asiyekubali kukaa chini. Wapo wanaopinga kwamba kazi inayomdai mtazamaji miaka kadhaa ya usuli ina kasoro. Pingamizi hili halina uzito mkubwa. Tendi nyingi hudai vivyo hivyo, na hakuna anayemlaumu fanani kwa kuwa mgeni ameingia ngomani usiku wa manane.

Maoni yaliyochipuka baada ya mwaka wa 2009 ndiyo magumu zaidi. Tarehe 13 Juni mwaka huo, Misawa, wakati huo akiwa mkuu wa kampuni ya Noah aliyoiasisi mwaka wa 2000, alifariki mjini Hiroshima baada ya kubwagwa ulingoni. Alikuwa na umri wa miaka 46. Tangu hapo, baadhi ya mashabiki hawawezi kuutazama mwisho wa pambano la 1994 bila kuuona kama utabiri. Kuusifu, kwao, ni kushangilia jeneza. Barthes, ambaye baadaye aliandika juu ya kifo cha mwandishi, hakuwa na haja ya kuwazia mwandishi ambaye matini yake ni shingo yake mwenyewe.

Hisia hiyo ni ya haki, ila usomaji wake una dosari. Usiku ule wa Budokan aliyebwagwa kwa shingo alikuwa Kawada, naye ndiye aliyebaki hai. Aliyembwaga ndiye aliyefariki miaka 15 baadaye, kwa mwangusho ambao wanamieleka huutumia karibu kila wiki. Anayelitafuta kosa katika tendo moja la kutisha atalikosa. Linapatikana katika mantiki ya msuko wenyewe. Hadhira ya Budokan ilikuwa imefunzwa kwamba mbinu za jana hazitoshi leo. Taharuki haikuweza kufika upeo wake mpaka kitokee kitu kilichohifadhiwa kwa nadra. Matokeo yalipangwa, ndiyo, lakini uzito wa mwili unaotua juu ya shingo haupangiki. Hapa hoja ya Barthes inapwaya: hadhira hii haikuridhika na ishara ya mateso peke yake. Iliyadai mateso yenyewe, ikawa mtunzi mwenza wa hatima ile, na shabiki anayeirudia kanda hiyo sebuleni kwake hayuko nje ya utunzi huo.

Kawada alimshinda Misawa katika pambano la ana kwa ana la kuwania taji kwa mara ya kwanza tarehe 1 Mei 1998, katika Tokyo Dome, ukumbi mkubwa kuliko Budokan. Ushindi huo, ambao msuko mzima ulikuwa ukiungojea, hutajwa kwa sifa za wastani. Wanachokirudia mashabiki ni kushindwa kwake.