Mbinga hadi Liuli: Nchi Isiyoyajengea Mauti Hekalu

Wapenzi wa hadithi za kubuni wanaijua picha hii: hekalu la mawe meusi, makuhani waliofunika nyuso, na ndani kabisa mungu wa mauti anayengoja kulishwa. Ukija nayo Mbinga utakosa pa kuitundika. Wamatengo, kama jirani zao Wangoni, humtaja Mungu kwa jina la Chapanga, naye ni muumbaji. Mauti hayana mungu wake. Waliokufa ndio wapo, tena karibu: ni mahoka, wazee wa ukoo waliotangulia, na kuwaomba si kazi ya kuhani wa kusomea. Ni kazi ya mkubwa wa familia.

Nyumba ya wafu yenye mlango na mlinzi utaikuta Songea, kabla hujaanza safari. Pale Mahenge, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, wamelala kaburi moja mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka siku hiyo ikifika watu hukusanyika. Ni mahali pa kuvua kofia. Ukimaliza, panda gari.

Kutoka Songea kwenda Mbinga ni kama kilomita 100, na kila zinavyopungua ndivyo sweta linavyohitajika. Kahawa inaanza kuonekana chini ya migomba, halafu milima inakuzunguka pande zote, na kwenye miteremko yake ndipo utakapoona kitu kilichonifanya niipende nchi hii: ngolo. Ukiwa mbali utadhani mlima umevikwa wavu. Ukisogea unaona ni mashimo, mamia kwa mamia, yamepangwa kwa safu kwenye mteremko ambao mimi ningeogopa hata kuushuka kwa miguu. Nyasi hufyekwa na kulazwa chini kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupiwa juu ya nyasi hizo. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikija, maji hutulia shimoni badala ya kuondoka na udongo, na nyasi zinaoza taratibu na kuwa mbolea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, wamekuja hadi kijiji cha Kindimba kujifunza jambo ambalo bibi wa Kimatengo analifanya na jembe lake bila kuandika ripoti.

Lakini kilichowapandisha watu huku juu ni hofu. Katika karne ya 19 Wangoni walipokuwa wakivamia huku na huku, Wamatengo walikimbilia milimani, wakabanana upande wa Litembo, na ardhi ikawa finyu. Aliyebanwa mlimani hana budi kuulima mlima. Kwa hiyo ukitafuta alama ambayo mauti yameiacha Mbinga, hii ndiyo kubwa kuliko zote, na inaota maharage.

Mgongo wa mlima kati ya vijito viwili huitwa ntambo, na kwa desturi ni mali ya ukoo mmoja chini ya babu, anayeitwa Bambo. Zamani wanaume wa ntambo walikula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na baada ya kula mashauri yalifuata: nani kaonewa, kijana gani aoe, shamba la nani limelala. Kikao hicho ndicho sengu. Mimi nakiona kina heshima kuliko altare nyingi nilizowahi kusimama mbele yake. Anayeketi leo mahali pa Bambo anajua kesho atakuwa miongoni mwa wanaoombwa, na nadhani hilo humfanya apime maneno.

Mahali panapokaribia kidogo kuwa hekalu ni Jiwe la Mbuji, mwamba mkubwa ambao wenyeji wanausimulia kwa sauti ya chini. Haupandwi hovyo. Wazee wa mila wanaombwa ruhusa kwanza, na mgeni mwenye adabu habishani nao.

Kutoka Mbinga barabara inaanza kushuka kuelekea Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kona ni nyingi, masikio yanaziba, sweta linavuliwa, na ghafla Ziwa Nyasa lote liko mbele yako, la buluu, na ng'ambo haionekani vizuri. Kina chake kinafikia kama mita 700. Siku nyingine utaona moshi ukisimama juu ya maji na kudhani meli inaungua. Ni wadudu wadogo wa ziwani wamepanda kwa makundi. Ziwa hili limezamisha wengi, akiwemo Askofu Chauncy Maples mwaka 1895, na misheni yake ikaipa meli mpya jina lake, ikaendelea na safari.

Ng'ambo huko, miongoni mwa Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, ndiko utakapokuta kitu kinachofanana na ule ukuhani wa vitabuni: chama cha Nyau, wanaume waliovaa vinyago wakicheza Gule Wamkulu msibani ili kumsindikiza marehemu. UNESCO iliitambua ngoma hiyo mwaka 2005. Hata wao hawamwabudu mungu wa mauti. Wanamtoa mtu nyumbani kwa heshima.

Liuli iko kaskazini mwa Mbamba Bay. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake uliowakumbusha sanamu la Misri, na mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja kuipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha Mjerumani alikuwa rafiki wa nahodha Mwingereza, na habari za kuanza kwa Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa hazijamfikia. Alitoka kwa mashua ndogo kwenda kumgombeza mwenzake, akachukuliwa mateka. Hapa Liuli ndipo alipofia Padri William Percival Johnson mwaka 1928, baada ya miaka zaidi ya 40 ziwani, akiwa karibu kipofu. Kaburi lake lipo hapo misheni, na Waanglikana huja kuhiji.

Mimi ningekushauri usiishie kaburini. Chukua mtumbwi uende Jiwe la Pomonda, ambako watu wa pwani hii, kwa masimulizi yao, walijificha wakati wa vita vya Wangoni, familia nzima zikikaa kimya kati ya miamba. Nenda asubuhi kabla upepo haujainua mawimbi, mwache mwenye mtumbwi atangulie kushuka, na ukirudi agiza samaki aitwaye mbasa, wa kuchoma, kwa ugali wa muhogo. Agiza mapema, maana mbasa huisha.