Nyota Moja kwa Kitabu Nisichokisoma

Mei 2013, kwenye Goodreads, tovuti ya wasomaji, nilikipa nyota moja kitabu ambacho sikuwa nimekitia mkononi. Kinaitwa Dead Ever After, cha kumi na tatu na cha mwisho katika visa vya Sookie Stackhouse, na aliyekitunga ni Charlaine Harris, mzaliwa wa Mississippi. Sikuishia kwenye nyota. Nilikiandikia na maelezo, aya nzima, kwa lugha ya mtu aliyekesha nacho: mwandishi amechoka, mazungumzo hayana chumvi, kurasa mia za mwanzo zinasinzisha. Kurasa mia! Hata jalada lenyewe nilikuwa nimeliona kwenye simu tu. Halafu nikalipeleka neno hilohilo kwenye kundi letu la wanawake wa Dar es Salaam, tuliokuwa tukiazimana riwaya na kuzipa alama katika kaunta buku moja iliyozunguka nyumba kwa nyumba. Mbele ya jina la kitabu nikaweka 1, herufi za jina langu, na neno moja: Msisome.

Kwa ambaye homa ile haikumpata, Sookie ni mhudumu wa baa katika Bon Temps, mji mdogo wa kubuni huko Louisiana. Ana kilema kimoja: anasikia mawazo ya watu, apende asipende. Mwanamume akimkaribisha chakula cha usiku, Sookie anasikia kila kinachopita kichwani mwake kabla supu haijaletwa. Basi hana mpenzi. Usiku mmoja anaingia Bill Compton, mnyonya damu aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na Sookie akimtegea sikio hasikii chochote. Kimya kitupu. Kwa mara ya kwanza maishani amekaa karibu na mwanamume na kichwa chake kimetulia. Ndiyo maana anampenda, na mpaka leo naona hiyo ni sababu nzuri ya mapenzi kuliko nyingi nilizosikia kwa watu wazima na akili zao.

Wajapani, katika hadithi hiyo, wametengeneza damu bandia inayouzwa kwa chupa, na wanyonya damu wamejitokeza hadharani kudai haki zao kama raia wengine. Kitabu cha kwanza, Dead Until Dark, kilitoka 2001. Mwaka 2008 HBO wakaanza kuonyesha tamthilia yake, True Blood, na huko ndiko wengi wetu tulikoingilia: DVD za kudurufu kwanza, vitabu baadaye, vingine vya mitumba kutoka kwa wauzaji wa kando ya barabara ya Samora, vikiwa na mihuri ya maktaba za watu wa mbali.

Mimi nilikuwa mtu wa Eric. Eric Northman ni Mviking aliyeishi zaidi ya miaka elfu, mrefu, nywele za dhahabu, mwenye klabu inayoitwa Fangtasia mjini Shreveport. Ni jeuri, anapenda fedha, na hana aibu. Katika kitabu cha nne, Dead to the World cha 2004, anarogwa, anapoteza kumbukumbu, na Sookie anamkuta barabarani usiku akikimbia nusu uchi, hajui hata jina lake. Anamficha nyumbani. Eric yule asiyejijua ni mpole kama mtoto, na sisi wote tulikwisha. Kwenye kaunta buku nilikipa tano, na kwenye nafasi ya neno moja niliandika manne: Mwenyezi Mungu anisamehe mimi.

Mkubwa wetu kundini, nimwite Mama Salma, mwalimu mstaafu, alikuwa akitucheka. Alisoma vitabu vyote kama sisi, ila alisema Sookie ana majini mahaba wawili na hakuna ndugu mwenye akili wa kumpeleka kwa shekhe. Hapo alitugusa. Huku pwani jini mahaba akimshika mwanamke, akawa anamfukuzia wachumba, anasomewa mpaka atoke, hakuna anayemshangilia. Lakini mpe jini huyohuyo nywele za dhahabu na klabu ya usiku, tunakaa kikao kujadili kama amuoe.

Sasa, 2013. Kabla kitabu cha mwisho hakijatoka rasmi, nakala zilivuja Ujerumani na siri ikatapakaa: Sookie habaki na Eric. Habaki na Bill. Anaelekea kwa Sam Merlotte, mwenye baa anayomfanyia kazi, mtu wa kugeuka mnyama, na mnyama anayependa kugeuka ni mbwa. Mbwa! Mimi niliyelelewa kuosha mara saba chombo kilicholambwa na mbwa, niambiwe nimefuata vitabu kumi na viwili ili mwali aishie hapo.

Wasomaji waliwaka. Nyota moja moja zikamiminika kabla vitabu havijafika madukani, maana Goodreads inamruhusu mtu kukipa alama kitabu ambacho hakijauzwa bado. Harris alitukanwa, alitishwa, aliambiwa amewasaliti watu waliomlisha. Mimi sikumtukana. Nilifanya kitu ambacho wakati ule nilikiona cha kiungwana zaidi: nilijifanya mhakiki. Wenye hasira walisema wazi kwamba wamekasirika kwa sababu ya Eric, na anayewasoma alijua wanatoka wapi. Mimi nilikasirika kwa sababu hiyohiyo, nikaivika joho la ufundi wa uandishi. Ningeandika "nimeudhika, nilimtaka Eric," hata leo nisingekuwa na cha kuungama.

Kulikuwa na kosa jingine chini ya hilo, nalo lilinichukua muda zaidi kuliona. Nilikuwa nakipima kitabu kwa mizani isiyo yake.

Riwaya za mapenzi na viumbe wa ajabu zina mkataba na msomaji wao. Chukua J.R. Ward, aliyeanza ule mfululizo wake wa wanyonya damu wapiganaji kwa Dark Lover mwaka 2005. Unajua kabla ya kufungua kwamba kuna wawili, watateseka, na ukurasa wa mwisho watakuwa pamoja. Nalini Singh, aliyezaliwa Fiji na kukulia New Zealand, ni vivyo hivyo: Slave to Sensation cha 2006 kina watu wake wawili, kinachofuata kina wengine. Ukimlaumu mwandishi wa namna hiyo kwamba ulijua wataoana, umelaumu harusi kwa kuwa na bwana harusi. Mkataba huo ukivunjwa, msomaji ana haki ya kupiga kelele.

Ndugu yake, riwaya ya maajabu ya mjini, haijaahidi hivyo. Patricia Briggs ana Mercy Thompson, fundi wa magari ya Volkswagen huko jimbo la Washington, anayegeuka mbwa mwitu mdogo wa nyikani. Ilona Andrews, ambao ni mke na mume wanaoandika kwa jina moja, wana Kate Daniels katika Atlanta ambako uchawi na teknolojia vinapokezana zamu: uchawi ukipanda, bunduki zinagoma na magari yanazimika barabarani. Mapenzi yamo, na ni matamu, lakini kinachoendesha kitabu ni kazi: kuna maiti, kuna aliyemuua, kuna mji wa kulinda. Kitu hicho kinapimwa kwa kuuliza kama kesi inasimama, kama uchawi una sheria na mwandishi anaziheshimu, kama mtu mkuu analipa kwa anachokifanya. Nani anaolewa na nani ni swali la pili, pengine la tatu.

Na Harris alitoka wapi? Kwenye riwaya za upelelezi. Alianza kuchapisha 1981, na kabla ya Sookie alikuwa na Aurora Teagarden, mkutubi anayefumbua mauaji. Dead Until Dark chenyewe kilipata tuzo ya Anthony, ambayo hupewa riwaya za uhalifu. Kisome tena leo ukiwa umetuliza moyo: wanawake wanauawa Bon Temps, mji mzima unawatazama wanyonya damu, na muuaji si mnyonya damu hata kidogo. Aliyesoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, kilichotoka 1960, anaijua mbinu hiyo. Watu wanaangalia mzimu. Bwana Msa anavuta kiko na kumtafuta binadamu mwenye sababu. Nilikisoma kitabu hicho shuleni na nikafaulu mtihani wake. Bado Harris aliponifanyia jambo lilelile kwa Kiingereza, niliona mabega ya Eric tu.

Aliyenifumania ni Mama Salma. Mpwawe alitoka Muscat na mzigo wa vitabu, na ndani yake kilikuwemo kile cha kumi na tatu. Siku moja nimeenda kwake Magomeni kurudisha kaunta buku, akanimiminia kahawa, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, kile cha mwisho cha Sookie kilikuudhi wapi hasa?"

"Pale Eric anapoondoka," nikasema. "Anamwacha kwa dharau."

"Dharau. Na Karin aliyewekwa na Eric kulinda nyumba ya Sookie usiku, hiyo nayo dharau?"

"Ulinzi gani?"

Nilijua palepale nimekwisha. Mama Salma amesahihisha mitihani ya Fasihi maisha yake yote. Anamjua mtoto aliyesoma kitabu na anamjua aliyesimuliwa. Hakupandisha sauti. Alilifungua daftari kwenye ukurasa wenye herufi zangu, akalisukuma kuelekea kwangu, akaniambia, "Mimi nami nimekipa moja." Kisha akaanza kunieleza kwa nini, na ndipo aibu iliponishuka sawasawa, maana alikuwa na sababu. Vitabu kumi na viwili vyote Sookie ndiye anayesimulia, tunajua anachojua yeye tu. Katika cha mwisho mwandishi anatoka kichwani mwake mara kadhaa na kutuonyesha maadui wakipanga njama. Arlene, aliyewahi kuwa rafiki wa Sookie, anauawa, Sookie anashukiwa, na sisi wasomaji tumeshaonyeshwa upepo unakovuma. "Sasa mimi nitafute nini?" aliuliza. "Kanipa maswali na majibu kwenye karatasi moja."

Moja yake na moja yangu zilikaa kwenye safu moja, zimeandikwa kwa kalamu zinazofanana. Mtu akilifungua daftari lile angedhani tumeafikiana.

Nilikibeba kitabu nikaenda kukisoma. Kina kasoro. Maadui wa zamani wanarudi kwa foleni, kila mmoja na kinyongo chake, kama vile mwandishi alikuwa anafunga duka na kulipa madeni. Sam, ambaye ndiye tunatakiwa tumpokee, anamkwepa Sookie sehemu kubwa ya kitabu, na wanapokutana mambo yanakwenda haraka mno. Lakini mwisho wenyewe haukuibiwa mahali. Nilirudi kwenye kile cha kwanza na kuukuta umepandwa mapema: Sookie anapenda jua. Si kupenda kwa maneno. Majira ya joto analaza kiti uani, anavaa nguo ya kuogelea, anajipaka mafuta na kujinyoosha juani kwa saa nzima, na Harris anarudia jambo hilo kitabu baada ya kitabu mpaka msomaji wa Eric analiruka. Niliruka kila mara. Mwanamke anayeishi kwa jua, na wapenzi wawili ambao jua likiwagusa wanateketea. Eric hawezi kunywa naye chai ya asubuhi, hawezi kumpa mtoto, na njia pekee ya kukaa naye milele ni kumfanya Sookie naye aliache jua, jambo ambalo Sookie hataki. Kwa upande mwingine yuko mtu anayefungua baa mchana.

Siwapendi Sookie na Sam hata sasa. Lakini siwezi kusema sikuambiwa.

Nilifuta aya yangu yote na ile nyota. Nimeweka tatu, ambazo kwa mizani ya Goodreads maana yake nimekipenda, si zaidi, na nikaandika wazi kwamba mimi ni wa Eric ili anayesoma apunguze anachotaka kupunguza. Kwenye kaunta buku sikufuta. Nilipiga mstari juu ya 1 na Msisome, nikaandika chini yake kwamba siku ile sikuwa nimesoma. Mama Salma anasema tatu ni huruma ya mkosaji na kwamba nakifidia kitabu kwa dhambi isiyokihusu. Tumebishana, na hajashuka wala hajapanda.

Kuna wawili walioliamini neno langu wakaishia cha kumi na mbili. Mmoja hakujali, alishahamia kwa Kate Daniels na hana mpango wa kurudi Louisiana. Wa pili nilipomwambia ukweli alinitazama kwa muda, akasema, "Kumbe! Mimi miaka yote hii nilijua Sookie kafa." Sijui nani alimwambia hivyo; pengine alijijazia mwenyewe, kwani mtu akikatazwa mwisho hujitungia wake. Nimempelekea nakala. Anaisoma kwa kuibia, watoto wakilala, na juzi alinitumia ujumbe wa sauti akitaka kujua tu kama Eric anarudi kabla ya mwisho. Sikumjibu.