Tulichokidharau Nyumbani Tulikikuta Hotelini

Tunaomba nafasi kidogo tuwasimulie habari ya kifungua kinywa kimoja. Huenda mtacheka, lakini someni hadi mwisho, maana hata sisi tulianza kwa kucheka na tukamaliza kwa kufuta machozi.

Mwezi wa Juni mwaka 2019 tulikuwa akina mama saba kutoka Murungu, Kibondo, tuliotumwa na kanisa kwenda semina ya malezi na lishe mjini Kigoma. Tulipitia Kasulu kwa basi, na vumbi la njiani likatufanya wote tuwe wa rangi moja. Jioni tukapewa vyumba katika hoteli inayotazama ziwa. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kulala hotelini. Usiku tulisimama barazani tukaona taa nyingi mbele yetu, tukadhani ni mji wa upande wa Kongo. Kumbe walikuwa wavuvi wa dagaa. Wao huvua usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa.

Asubuhi tukaitwa kula. Kijana wa hoteli akasema, "Karibuni mama zangu, kila mtu ajipakulie anachotaka." Tukaulizana kwa macho: kwa bei gani? Akatuelewa, akasema chakula kimo katika malipo ya chumba.

Jamani, meza ile ilikuwa ndefu! Upande wa kwanza kulikuwa na mkate mweupe, siagi, jemu, soseji, mayai ya kukaanga, maandazi na chapati. Sisi wote saba tulijipanga upande huo kama watoto wa shule. Mama yetu mmoja mtu mzima alifunga chapati mbili katika karatasi akaziingiza kwenye mkoba. Alipoona tumemwona, akasema, "Za wajukuu." Tukacheka, lakini moyoni tulimwelewa. Mama gani anakula kitu kizuri bila kukumbuka walio nyumbani?

Tulipokuwa tumekaa ndipo tukaona kwamba wageni wengine, waliotoka Dar es Salaam na wengine nchi za mbali, walikuwa wamejazana upande wa pili wa meza. Tukatamani kujua kuna nini kule. Tukaenda kuchungulia. Ndani ya vyombo vinavyong'aa vyenye moto chini yake tukakuta viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, ndizi zilizopikwa kwa mawese, maharage, na dagaa wa Kigoma waliokaangwa na vitunguu na nyanya. Kulikuwa na migebuka ya kuchoma, uji wa ulezi, parachichi, nanasi na bakuli la asali. Kahawa ilikuwa ya Kalinzi, huko huko milimani Kigoma.

Tukatazamana. Hicho kilikuwa chakula chetu! Mama mpishi alipotusikia tunanong'ona kwa Kiha akatoka jikoni akatusalimu kwa kupiga makofi taratibu, kama wanavyosalimia watu wa kwetu. Tukamwuliza maharage na asali vinatoka wapi. Akajibu, "Maharage ni ya Kasulu, na asali ni ya kwenu Kibondo." Mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo, "Na sisi tunaiuza yote ili tununue mkate."

Mwezeshaji wetu, muuguzi aliyewahi kusoma Ufilipino, alikuwa amekaa karibu. Akatuambia kwamba huko nako hoteli huwawekea wageni asubuhi chakula cha kienyeji: wali uliokaangwa na kitunguu saumu, na samaki wadogo waliokaushwa wa kisiwa cha Cebu, waitwao danggit. Alipowaona mara ya kwanza aliwakumbuka dagaa, akalia kwa kukumbuka nyumbani. Kisha akatufundisha pale pale, kabla semina haijaanza. Mawese yenye rangi yake nyekundu humpa mtoto vitamini A, inayolinda macho. Dagaa kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa, hujenga mifupa na meno. Muhogo peke yake hushibisha tu, bali ukiliwa na dagaa au maharage hujenga mwili.

Tukarudi kupakua. Tulikula kweli kweli, na ule utamu wa ndizi na mawese ulitufanya tunyamaze.

Ndipo mdogo wetu, yule aliyeolewa juzijuzi kuliko sisi sote, akaweka kijiko chini akaanza kulia. Tulipombembeleza akatueleza. Anakaa na mama mkwe wake. Mama huyo alizoea kupika maharage kwa mawese na kuwaita wajukuu wote wazunguke chungu. Siku moja walipokuja wageni kutoka mjini, mdogo wetu alimwambia asilete mezani "chakula cha shamba". Tangu siku ile mama mkwe alikuwa akila peke yake jikoni, na mume hakuwa na furaha nyumbani. "Leo," alisema, "nimekula chakula kile kile kwa sahani ya hoteli, nikakisifu."

Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa msafi. Mmoja wetu alikuwa akificha viazi wageni wanapobisha hodi. Mwingine alikuwa akiwapa watoto chai ya rangi na andazi, huku parachichi zikioza chini ya mti. Tulidhani maendeleo ni kuacha chakula cha mama zetu. Na tulipokidharau chakula, kidogo kidogo tuliwadharau na mikono iliyokipika.

Katika sala ya asubuhi ile tulikumbuka habari iliyo katika Yohana sura ya 21. Wanafunzi walikuwa wamevua usiku kucha kama wavuvi wetu wa Tanganyika. Kulipopambazuka, Bwana Mfufuka alikuwa amewawashia makaa ufuoni, na samaki na mkate vipo. Tena aliwaambia walete na baadhi ya samaki waliowavua wenyewe. Hakukidharau kilichotoka katika ziwa lao.

Tuliporudi Murungu, mdogo wetu alimpelekea mama mkwe dumu la mawese aliyonunua Kigoma. Akapiga magoti akamwomba msamaha, akamwomba pia amfundishe kupika. Mama mkwe alipokea dumu bila kusema neno. Siku mbili zikapita kimya, nasi tukiomba. Siku ya tatu alimtuma mjukuu: "Mwambie mama yako aje achague maharage." Walichagua pamoja, na jioni ile mama mkwe alikula mezani na wengine.

Akina mama wenzetu, mkate si dhambi, na soseji zile tulizifurahia. Lakini kabla hujauza gunia la mwisho la maharage au dumu la mwisho la asali, watengee kwanza watoto wako. Na kama kuna mama au mama mkwe anayekula peke yake jikoni kwako, mwite mezani leo, tena mpe nafasi ya kupakua. Bwana awabariki katika nyumba zenu.